Ukienda Guangzhou kufuata mzigo, panda metro mwenyewe

Juzi nimepokea ujumbe wa dada mmoja wa Mbeya. Ana duka la vitambaa, miaka yote ananunua kwa watu wa jumla Kariakoo, na sasa anajiandaa kwenda China kwa mara ya kwanza. Ameuliza mengi, ila swali moja limenikaa moyoni: "Wakala ananiambia metro ya Guangzhou ni ngumu kwa mgeni, nimlipe yeye anizungushe kwa gari. Ni kweli dada?"

Si kweli, mdogo wangu. Metro ni treni tu za mjini, zinazopita chini ya ardhi. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na najua yalinigharimu nini. Nakujibu hapa hadharani ili na wengine wenye safari wasome.

Safari yangu ya kwanza nilifikia Xiaobei, mtaa wa Guangzhou, kama wafanyabiashara wengi wa Kiafrika. Aliyenipokea alikuwa kijana wa kwetu, anaongea Kichina vizuri, nikamshukuru Mungu kwa kumpata. Kila asubuhi anakuja na gari, namlipa yuan 100 za usafiri hata kama tunakwenda soko moja tu, na tukifika ananiingiza kwenye maduka yale yale. Nikitaka kuchungulia duka la jirani, ananiambia hao hawauzi kwa wageni. Siku nilipomwomba anielekeze treni ili nizunguke mwenyewe, alicheka mbele ya wenye duka. "Mama, hii siyo daladala ya Gongo la Mboto. Utapotea hapa mpaka ubalozi ukutafute." Wakacheka wote, hata wasiojua neno la Kiswahili. Mimi niliyeanza na meza ya barabarani mtaa wa Kongo hadi nikafungua duka, nikasimama pale nachekwa kama mtoto. Imepita miaka, na bado nikikumbuka kifua kinabana.

Kesho yake nilimwambia asije. Nikavaa viatu vya kutembelea, nikashuka ngazi za stesheni ya Xiaobei peke yangu.

Mlangoni mkoba unapita kwenye mashine ya ukaguzi, hilo ni kwa kila mtu, usidhani wamekutilia shaka wewe. Mbele kuna mashine za tiketi. Gusa kioo, chagua Kiingereza, gusa namba ya laini, yaani njia ya treni, kisha stesheni unayokwenda. Bei inatokea. Nauli inaanzia yuan 2 kwa kilomita 4 za kwanza na inapanda taratibu kadiri unavyokwenda mbali, kwa hiyo hata ukivuka mji unalipa yuan chache. Nikaweka noti ya yuan 10, chini kikadondoka kidude cha plastiki cha kijani, duara, saizi ya sarafu, pamoja na chenji. Ukiingia unakigusisha kwenye geti, ukitoka unakitumbukiza kwenye tundu na geti linafunguka. Kishike vizuri, ndiyo tiketi yako.

Nilikuwa nakwenda Zhongda, kwenye soko kubwa la vitambaa. Laini ya 5 stesheni moja hadi Guangzhou Railway Station, nikabadilisha kwenda laini ya 2 hadi Changgang, nikabadilisha tena kuingia laini ya 8, Zhongda. Ndani ya behewa stesheni zinatangazwa kwa Kimandarin, kwa Kikantoni, halafu kwa Kiingereza, na juu ya mlango kuna ramani ya laini nzima. Hakuna aliyenishangaa. Metro hiyo ilianza 1997, kuna vijana wamezaliwa wameikuta, kila mtu yuko na simu yake na haraka zake.

Nilipotokeza juu nikakutana na majora. Majora kwenye mikokoteni, majora kwenye pikipiki, majora begani kwa wanaume wanaokimbia. Niliingia duka baada ya duka, nakata vipande vya sampuli, naandika bei kwenye daftari, naonyeshana kikokotoo na wenye duka. Kitambaa cha satini nilichokuwa nauziwa kupitia yule kijana nilikikuta pale kwa bei pungufu karibu ya robo. Mzigo ule! Nilisimama katikati ya soko nikahesabu faida niliyokuwa namwachia mtu mwingine, machozi yakanitoka.

Tangu hapo sijazungushwa na mtu Guangzhou. Leo akina mama wanaoanza wananiomba niwaongoze, na nawapeleka kwanza stesheni kabla ya soko. Asiyeweza kujiendesha mjini hawezi kulinganisha bei, na asiyelinganisha bei ananunua bei aliyopangiwa.

Sasa mambo ya kushika. Usifuate rangi za laini, fuata namba na stesheni ya mwisho. Laini ya 2 upande mmoja inaishia Jiahewanggang, upande mwingine Guangzhou South Railway Station, na majina hayo ndiyo yanayoandikwa kwenye mishale. Ukijua stesheni ya mwisho ya upande wako, huwezi kupanda treni inayorudi ulikotoka. Tena kuwa makini na neno Guangzhou kwenye majina: Railway Station, South Railway Station na East Railway Station ni sehemu tatu zilizo mbalimbali kabisa. Anayekwenda Yiwu, mji mwingine wa masoko, kwa treni ya mwendokasi asipoangalia tiketi yake ataachwa na treni huku amesimama kwenye stesheni nyingine.

Milango ya kutokea ina herufi, A, B, C, D. Muulize mwenye duka herufi, siyo jina la stesheni peke yake, maana ukitokea mlango usio wako unaweza kujikuta upande wa pili wa barabara kubwa isiyovukika. Piga picha ya jina la hoteli na la stesheni yako kwa herufi za Kichina, uihifadhi kwenye simu. Ramani za Google hazifanyi kazi kule bila VPN, yaani programu ya kupita vizuizi vya mtandao, kwa hiyo pakua Amap, programu ya ramani ya Kichina, kabla hujaondoka nyumbani. Ukishaunganisha kadi yako ya benki na Alipay, programu ya Kichina ya kulipia kwa simu, unaweza kupita getini kwa simu, ila mimi bado natembea na noti ndogo, simu huzima chaji.

Laini ya 3 asubuhi na jioni, jipange. Watu wanabanana hasa. Kwenye sakafu kuna mishale: wanaoshuka wanapita katikati, wanaopanda wanasimama pembeni. Heshimu hilo.

Kuhusu Maonyesho ya Canton, maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yapo tangu 1957 na huanza Aprili na Oktoba, kwa awamu tatu, kwa hiyo angalia kwanza bidhaa yako iko awamu ipi. Unashukia Xingangdong au Pazhou, laini ya 8, laini ile ile ya Zhongda. Asubuhi uko kwenye maonyesho, mchana uko kwenye vitambaa, hujabadilisha treni.

Ndugu zangu, tunajidharau mno. Mtu anaweza kuagiza kontena, kupambana na bandari, kulipa kodi, kusomesha watoto, halafu anaambiwa treni ni ngumu na anakubali! Ngumu kwa nani? Mabibi wa Kichina wenye mikongojo wanapanda, watoto wa shule wanapanda. Usiogope. Soma namba, soma stesheni ya mwisho, panda. Ukipitiliza, shuka, vuka upande wa pili, rudi. Tatizo linaishia hapo.

Sisemi mawakala hawana kazi. Mtafute mwaminifu akutafsirie kiwandani, akukagulie ubora kabla ya kufunga, akusimamie kupakia. Mlipe vizuri kwa hiyo kazi. Mizigo mikubwa pia muachie yeye na watu wa kago, maana mabelo hayapandi metro. Lakini siku za kuzunguka, kuuliza na kulinganisha, ziwe zako.

Na ukishauzoea mji, toka nje yake. Foshan, kwa watu wa marumaru na fanicha, ina laini iliyounganishwa na Guangzhou tangu 2010, inaitwa Guangfo. Panda laini ya 1 hadi Xilang, badilisha hapo. Nenda asubuhi, chukua vipimo vya sebule za wateja wako na picha za wanachotaka, na mweleze muuzaji tangu mwanzo kwamba bei unayotaka ni ya mzigo uliofikishwa ghala la kago Guangzhou, siyo ya pale dukani.