S si "safi": bomba la mafuta lililonilaza Makambako

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Mafinga. Nauweka hapa kama ulivyo, jina tu ndilo nimeliondoa: "Dada habari za siku. Gari yangu asubuhi nikifungua mlango inanuka petroli, nikishaanza kutembea harufu inaisha. Fundi kasema gari za zamani ndivyo zilivyo. Nisiwe na wasiwasi eti?"

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikakiweka chini. Maneno hayo hayo, "ndivyo zilivyo", niliambiwa mimi, nikayameza miezi minne, na yalinigharimu gulio zima la Njombe na urafiki wa miaka tisa. Kwa hiyo ndugu yangu wa Mafinga nimekujibu pembeni, lakini jibu refu naliweka hapa, maana najua hauko peke yako. Wengi mnaonisoma ni wafanyabiashara kama mimi, mna gari moja na mnawaza la pili.

Wasionijua: nauza vitenge. Nafuata mzigo Tunduma, nauza Mbeya, Makambako na Njombe. Miaka mitano nilipanda mabasi na marobota yangu, nikagombana na makondakta wote wa njia hii, halafu nikasema basi. Nikaagiza RAV4 kutoka Japani kupitia wakala. Siku ilipoingia nyumbani Uyole, mama yangu aliimwagia maji ya baraka na majirani wakaja kuipiga picha. Juu ilikuwa inameta. Chini sikuangalia. Nani anaangalia chini ya gari siku ya furaha?

Karatasi ya mnada nilikuwa nayo, ile ya Japani inayoeleza hali ya gari. Kulikuwa na mchoro wa gari na herufi zimeandikwa hapa na pale, S na C. Nilimuuliza wakala S ni nini. Akacheka: "S ni safi, mama." Nikacheka naye. Leo najua kwamba kwenye karatasi zile S ni kutu, inatokana na neno lao *sabi*, na C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Gari yangu ilikuwa imeandikwa ugonjwa wake kabla haijapanda meli, na mimi niliilipia nikiwa natabasamu.

Kwa nini gari ya Japani iwe na kutu chini? Huko kaskazini kwao, Hokkaido na mikoa ya theluji, barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo inarukia chini ya gari na kujificha kwenye maungio, na nyingine ina tabia ya kuvuta unyevu hewani hata kukiwa kukavu. Sasa ichukue gari hiyo uilete Uyole, kwenye ukungu wa asubuhi, uipeleke Tukuyu kwenye mvua isiyojua likizo, uipitishe kwenye tope la Isyonje ukitafuta viazi. Kutu inaendelea pale ilipoishia Japani.

Harufu ilianza mwezi wa tatu. Aliyeisikia kwanza si mimi, ni binti yangu wa darasa la tano. "Mama, gari inanuka kama sheli." Nikamwambia afunge mkanda. Wiki mbili baadaye gari ikaanza kusumbua kuwaka asubuhi, napiga stata mara tatu ndipo inaitika, jambo ambalo sasa naelewa: bomba likivuja, presha inashuka usiku kucha, na pampu inaanza kazi upya. Mafuta nayo yakawa hayakai. Nikalaumu sheli, nikalaumu vilima, nikabadilisha hata kituo cha kujazia.

Hatimaye nikaenda kwa fundi wangu. Sitamtaja, wala gereji yake sitaitaja. Huyu tulianza naye tangu nikiwa na gari ya kuazima ya kaka yangu. Watoto wake nimewavisha sare. Akanusa, akasema, "Mama, petroli lazima inuke kidogo." Nikaenda nyumbani. Mwezi wa sita nikarudi, safari hii kuna doa linalong'aa chini ya mlango wa nyuma. Ndipo akaingia shimoni na taa ya balbu inayoning'inia kwenye waya, huku kijana wake anachomelea bampa hatua kumi kutoka pale. Mimi nikakaa kwenye benchi, nikala karanga. Naandika hili na mikono inanitoka jasho. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutulia shimoni kama maji kwenye beseni. Balbu ile ingepasuka, tungekuwa habari ya saa mbili usiku.

Akakuta bomba la chuma limeoza pale linapobanwa na kibanio cha plastiki. Akakata kipande cha kama shubiri moja, akachomeka mpira mweusi, akabana klipu mbili, elfu ishirini na tano. Nikamshukuru kwa dhati, nikamwongezea na ya soda.

Mpira ule ulidumu siku kumi na tisa.

Ilikuwa Julai, alfajiri, niko na marobota sita na mpwa wangu, tunawahi gulio. Tumepita Chimala, tumepita Igawa, tumeanza kupanda. Gari ikapoteza nguvu kama mtu aliyekosa pumzi. Harufu ikajaa ndani mpaka macho yakawasha. Nikatoka barabarani, nikazima, nikamwambia mpwa wangu ashuke akimbie. Nilipoinama kuangalia, petroli ilikuwa inamwagika kwa mstari, si kwa matone, na nyasi zilikuwa zimelowa.

Hazikupita dakika tano vijana wawili wakatokea na vidumu. Sijui walitoka wapi, kulikuwa hakuna nyumba. Mmoja ana sigara sikioni, haijawashwa, lakini moyo wangu ulisimama. Nikakumbuka Msamvu pale Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na watu wakaenda kuchota. Walikufa zaidi ya 100. Nilipiga kelele ambazo sijawahi kupiga tangu nizaliwe. Wakanicheka, lakini wakarudi nyuma. Mtungi wangu wa kuzimia moto, ule ninaomwonyesha trafiki kila mara, nilipouangalia kwa makini mshale ulikuwa kwenye nyekundu. Nilikuwa nabeba chuma tupu.

Aliyetuokoa ni dereva wa lori la kwenda Zambia. Akaweka pembe tatu barabarani, akamwaga mchanga juu ya mafuta, akatoa kipande cha sabuni ya mche na utepe wa tyubu ya baiskeli. Sabuni tenki inaliziba, nimeshaona kwa macho yangu, lakini kwenye lile bomba ilirushwa kama mbegu ya chungwa mara tu tulipojaribu kuwasha. Mzee wa watu akatikisa kichwa: "Hapa kuna presha, dada. Vuta tu gari." Tukavutwa mpaka Makambako. Gesti baridi, blanketi moja, mpwa wangu kanuna, na vitenge vyangu vinanuka petroli. Robota mbili niliuza kwa hasara. Wateja wa Njombe wana pua.

Sasa hili la presha ndilo ambalo kila mwenye gari anapaswa kulijua, na hakuna aliyeniambia. Gari za kabureta za zamani pampu yake inasukuma kidogo tu, mpira wa kawaida unavumilia. Gari ndogo nyingi za EFI tunazoendesha siku hizi, zile zisizo na kabureta, ambazo petroli inapulizwa kwenye injini, zinasukuma mafuta kwa presha ya 40 mpaka 50 kwa kipimo kile kile cha kijana anayejaza upepo tairi. Tairi lako unajaza 30 na kitu. Yaani bomba lile jembamba kama kalamu lina nguvu kuliko tairi, halafu mtu anakuunganishia mpira wa kupitishia maji. Ipo mipira ya EFI iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, imeandikwa ubavuni, inauzwa ghali kidogo. Mwambie fundi akuonyeshe maandishi kabla hajakata.

Niliporudi Mbeya, fundi wa pili pale Mwanjelwa akaniambia ataweka bomba la shaba la friji, "haliharibiki milele". Karibu nikubali, maana ni rahisi na linapinda vizuri. Shaba haipendi mtikisiko. Inakakamaa, inapasuka, tena bila taarifa, na petroli nayo haipatani nayo. Kwenye friji haitikiswi na barabara ya Chunya ya zamani.

Aliyenitengenezea ni mzee mmoja upande wa Iyunga, mstaafu, anafanyia kazi chini ya mparachichi nyumbani kwake. Nilimpenda kabla hajagusa spana. Alitaka gari ilale ipoe. Akatoa fyuzi ya pampu, akawasha injini ikajifia yenyewe ili presha iishe, akafungua waya wa hasi wa betri, akawafukuza wajukuu wake na jiko la mkaa mpaka nyuma ya nyumba. Shimo hana, wala hataki. Anapandisha gari juu ya magogo mahali penye upepo. Akaniambia, "Mama, njoo ulale hapa uone."

Nikatandika gunia nikalala, na gauni langu. Akachukua bisibisi, akagusa bomba kwenye kila kibanio, kuanzia tenki kwenda mbele. Vitatu kati ya vitano bisibisi iliingia. Fundi wangu alikata shubiri moja kwenye bomba lililokuwa bovu urefu wote! Tope linakaa juu ya kile kibanio, linashika maji, chuma kinaoza pale pale palipofichika. Halafu akahamisha tochi kidogo pembeni, akanyamaza. Sambamba na bomba la mafuta linapita bomba la breki. Nalo lilikuwa limevimba kutu. Nikafikiria mteremko wa Iwambi na marobota sita nyuma.

Akabadilisha yote, la mafuta, la mvuke wa petroli na la breki, chuma kipya kutoka tenki mpaka mbele, amekunja taratibu kwa mkono siku mbili. Laki tatu na elfu arobaini. Mnasikia? Elfu ishirini na tano ilinizalia hasara ya zaidi ya laki saba. Nimezipiga hesabu mara nyingi usiku kuliko ninavyopenda kukiri.

Akina mama wenzangu, hasa nyinyi mnaoitwa "maza" gereji na kuletewa kiti mkae mbali, msikae mbali. Lala chini uangalie. Vaa suruali ukienda, chukua gunia lako, lala chini uangalie, hata kama huelewi, maana fundi anayeona umelala chini anafanya kazi nyingine kabisa. Na aliyekukataza kuangalia, ondoa gari yako hapo hapo. Harufu ikitoka ukiwa umejaza fulu tenki tu, halafu mafuta yakipungua inapotea, mara nyingi ni ile shingo ya kujazia nyuma ya gurudumu, nayo inaoza. Ikiwa ni asubuhi kila siku, fuata bomba. Wa dizeli msijione mmepona: kwa dizeli nyingi za zamani mafuta yanavutwa kutoka tenki, kwa hiyo tundu la kutu linaweza lisidondoshe hata tone, linanyonya hewa, na gari inagoma kuwaka asubuhi. Tena basi, lala chini uangalie. Na mtungi, angalia mshale.

Fundi wangu nilimwendea kwa upole kabisa, sikutaka hela, nilitaka aseme pole. Aliwaambia vijana wake, nikiwa nimesimama pale, kwamba mama huyu anapitisha gari kwenye mashimo. Miaka tisa. Siku hizi tukikutana Kabwe ananiamkia shikamoo kwa sauti kubwa, na mimi naitikia marahaba kwa sababu nimelelewa. Mtoto wake wa mwisho kaingia kidato cha kwanza mwaka huu; nilisikia, nikajikuta naulizia bei ya sare, halafu nikaiacha dukani.

Msomaji wangu wa Mafinga alinitumia picha jana jioni. Amelala chini kweli, nimempongeza. Kibanio cha pili kutoka tenki kina unyevu mweusi na vumbi limegandia pale, kama changu kilivyokuwa. Ameniuliza kama gari itamfikisha Iringa Jumamosi kwenye sendofu ya mdogo wake, maana ameshaahidi kuwabeba wazazi. Nimemwambia apande basi.

Ujumbe ameuona. Hajajibu.