Maswali ya Wasafiri: Na Begi Mgongoni Hadi Magofu ya Wamaya

SWALI: Mimi na rafiki yangu tunapanga kwenda Guatemala kuona magofu ya Tikal, kisha tutembee msituni hadi yale ya El Mirador. Twende miezi gani, na tugawane vipi mizigo?

JIBU: Nendeni kati ya Februari na Aprili. Wakati wa mvua njia ya El Mirador hupita kwenye mabonde yanayotuama maji, na tope zito huwachosha watu na nyumbu wa mizigo (mnyama wa kufugwa, chotara wa punda na farasi). Kutoka kijiji cha Carmelita hadi kwenye magofu ni kama kilomita 40, siku 2 za kutembea. Safari nzima kwa kawaida huchukua siku 5. Msiende bila kiongozi wa njia. Wanakijiji wa Carmelita wana ushirika unaopanga safari hizi, na nyumbu wao hubeba chakula, mahema na maji.

Maji ndiyo ya kufikiria kabla ya yote. Ardhi ya Petén, jimbo la kaskazini lenye magofu haya, ni mawe ya chokaa, hivyo mvua hunywea chini na mito ni adimu. Wamaya wa Tikal walilijua hilo vizuri, wakajenga mabwawa ya kukinga mvua katikati ya mji wao. Kila mmoja wenu ahesabu lita 3 hadi 4 kwa siku, na kila lita ina uzito wa kilo 1. Ndiyo sababu begi bila maji lisizidi kilo 7. Kabla ya kuondoka muulizeni kiongozi nyumbu watabeba lita ngapi na mtajaza wapi tena.

Hema, chujio la maji na dawa ya kupaka majeraha vinatosha kimoja kimoja kwa wawili. Lakini maji, tochi, filimbi, pasipoti na dawa za kumeza kila mtu abebe zake. Wawili hawatembei kwa kasi moja siku nzima, na mwenye kiu akibaki nyuma huku chupa zote ziko mbele, hapo ndipo hatari inapoanza. Mkiharisha, changanyeni lita 1 ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visawazishwe juu visiwe na kilima, mnywe kidogo kidogo.

SWALI: Ni wadudu tu wa kuogopa msituni?

JIBU: Na miti pia. Chechén ina utomvu unaogeuka mweusi ukikauka, na ukigusa ngozi huleta malengelenge yenye kuwasha vibaya. Gome lenye madoa meusi lisishikwe, hata mnapoteleza. Dhidi ya kupe na utitiri, ingizeni suruali ndani ya soksi, nguo ziwe zimenyunyiziwa permetrini, dawa ya kuua wadudu, siku moja kabla na kukauka. Kila jioni kagueni nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani. Mgongo wa kila mmoja ukaguliwe na mwenzake.

SWALI: Tikal tunaruhusiwa kupanda piramidi?

JIBU: Baadhi tu. Hekalu la Kwanza, lenye mita 47, halipandwi. La Pili na la Nne yana ngazi za mbao pembeni, na la Nne, lenye urefu wa mita 65 hivi, ndilo linaloonyesha vilele vya mengine juu ya msitu. Hifadhi hufunguliwa saa 12 asubuhi. Kuingia mapema kutazama macheo kuna tiketi yake ya ziada. Ukungu huziba macheo mara nyingi, kwa hiyo msikate tamaa mkafanya haraka kushuka: kaeni hadi ukungu uinuke. Jiwe la chokaa lililolowa huteleza kama sabuni, basi shukeni polepole.

SWALI: Guatemala inataka cheti cha chanjo?

JIBU: Kwa anayetoka nchi yenye homa ya manjano, ndiyo. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuwasili, na kadi ya njano ikae pamoja na pasipoti, isifungiwe kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege.