Kadi iliyokatwa ni yako, mteja kagoma kulipa: deni la matangazo ni la nani?

Mkuu mleta uzi, kwa nilivyokuelewa, mwenye duka la samani Nyakato anagoma kukurudishia milioni 3.8 ulizosponsa matangazo yake Facebook na Instagram, kisa "simu hazikupigwa". Unauliza kama Meta, wenye mitandao hiyo, wanaweza kumdai yeye moja kwa moja, na kama una haki ya kushikilia ukurasa wake mpaka alipe. Mimi si wakili, ila kazi ya uwakala wa matangazo ndiyo inayonilisha hapa Mwanza, redio na mabango kwanza, mtandao baadaye.

Hilo la Meta sahau. Akaunti ya matangazo umeifungua wewe, kadi ni yako, na masharti umeyakubali wewe. Kwao huyo bwana wa samani hayupo. Google ndio wameandika waziwazi zaidi: ukitangaza kwa niaba ya mtu, unathibitisha kwamba umemfunga kwenye masharti yao, na ikibainika hukumfunga, wajibu wake wote unakuangukia wewe. Halafu hawana subira ya mdai wa mtaani. Matumizi yakifika kiwango walichokuwekea, au siku ya ankara ikifika kabla ya hapo, kadi inakatwa. Ikigoma, matangazo yanasimama, na kama umewarundika wateja watatu kwenye akaunti moja, wawili wasio na kosa wanasimama pamoja na mdaiwa.

Kuna mdau hapo juu kakwambia "wakala halipi mpaka mteja alipe". Utaratibu huo upo kweli, ila ni wa Marekani: masharti ya mfano ya IAB na 4A's, vyama vya matangazo ya mtandaoni na vya mawakala wa huko, toleo la 3.0 la mwaka 2009, yanasema wakala anawajibika kwa kiasi kile tu ambacho mteja ameshakilipa na kikaingia. Uingereza desturi ni kinyume, wakala ananunua nafasi kwa jina lake na deni ni lake hata mteja akifilisika. Na hata huko Marekani hicho ni kifungu ambacho pande mbili zinakubaliana. Mtu na kadi yake hana pa kukichomeka.

Redioni ndipo kinapofanya kazi. Oda yangu kwenda redio za hapa ina jina kamili la mteja, muhuri wake, na sentensi moja kwamba natoa oda kama wakala wake na nitalipa fedha yake ikishaingia kwangu. Meneja mauzo huwa ananuna, mwisho anasaini. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inamlinda wakala anayemtaja anayemwakilisha: kwa kawaida mkataba haumfungi yeye binafsi. Ila ukimficha mteja, inachukuliwa kwamba umejifunga mwenyewe. Wapo mawakala hapa mjini wanaoficha majina ya wateja wakiogopa redio itawapita na kwenda kwao moja kwa moja. Hiyo hofu ina gharama yake.

Sasa wewe na bwana samani. Hapa una nguvu kuliko unavyodhani. Sheria hiyohiyo inamtaka aliyekutuma akufidie kwa ulichotumia kihalali ukitekeleza maagizo yake. Simu kutopigwa ni hoja ya kubishania ada yako ya kazi. Fedha iliyokwishaliwa na Meta kwa bajeti aliyoiidhinisha ni jambo jingine kabisa, na madai yako uyatenganishe hivyo, ankara mbili. Ushahidi ndio kila kitu: jumbe za WhatsApp alizokubali bajeti, risiti za Meta zenye namba ya akaunti, na taarifa ya benki. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu unapokelewa mahakamani, kwa hiyo usifute kitu na usibadilishe simu hovyo. Muuza taa za sola za wavuvi wa dagaa mmoja pale Mwaloni, Kirumba, alikuwa ananiandikia "mdogo wangu, sukuma tu mpaka giza liishe". Kwangu ule ni uidhinisho kamili: una tarehe, na una kikomo ambacho kila mtu wa dagaa anakijua.

Huyo muuza taa ndiye aliyenifundisha biashara ya ziwani. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiingia mitumbwi inapaki, wateja wake hawana hela, naye hana. Meta hawaangalii mwezi. Kwa hiyo kwake tulifungua akaunti ya matangazo kwa jina lake, kadi yake ya mtandaoni ya pesa za simu, mimi nikapewa ruhusa ya kuiendesha tu. Asipoweka hela, tangazo halitoki, na hatununiani.

Faida ya pili ya akaunti kuwa kwa jina la mteja ni kodi, na wengi hawaioni. Ukimwandikia kampuni ankara moja ya ada na bajeti pamoja, mhasibu wake anakata kodi ya zuio asilimia 5 kwenye jumla yote, pamoja na fedha ambayo wewe ni mpitishaji tu. Ada yako ikiwa asilimia 10 ya bajeti, zaidi ya nusu yake imekwenda kwenye zuio hata kabla hujanunua bando. Mauzo yako nayo yanavimba kwenye vitabu kuelekea milioni 200 za kusajiliwa VAT. Ongeza na hili: tangu kanuni za fedha za kigeni za Machi 2025, unamtoza mteja wa ndani kwa shilingi, wakati kadi yako inaweza kuwa inakatwa kwa dola. Tofauti ya kubadilisha fedha iandikwe mapema ni ya nani.

Kuhusu ukurasa: mrudishie. Sheria inampa wakala haki fulani ya kushikilia mali ya aliyemtuma mpaka alipwe, lakini ukurasa unaomwingizia wateja kila siku ukiufunga, naye anapata dai la hasara dhidi yako, tena kubwa kuliko milioni 3.8. Mpelekee notisi ya madai ya siku 14 kupitia wakili, ukiambatanisha ile ankara ya bajeti peke yake. Ya ada ije nyuma.