Mashine imesema mzima, usiku kifua kinapiga mluzi

SWALI: Musawo, salaam. Mwanangu wa miaka 11 hukohoa usiku wa manane, kifua kinapiga mluzi. Tulimpeleka Kampala kwenye mashine ya kupuliza. Asubuhi hiyo alibanwa, nikampa salbutamoli, tukapanda teksi. Mashine ikasema mapafu mazima! Majirani wanasema basi si pumu, ni baridi tu. Nimwamini nani?
Mama Z., Bombo

JIBU: Mama Z., mashine haikudanganya, ila ilipima mapafu yaliyokwisha funguliwa na dawa. Salbutamoli hulegeza misuli inayobana njia za hewa, kwa hiyo huwa tunaomba isivutwe kwa muda wa saa 4 hivi kabla ya kipimo. Lakini mtoto akibanwa mpe, tafadhali! Kipimo kitangoja. Na akishindwa hata kusema, mkimbize hospitali usiku huohuo.

Pumu yenyewe huja na kuondoka, hivyo jibu zuri la mchana mmoja haliifuti.

Mwingereza John Hutchinson alipotangaza spirometa yake, yaani mashine hiyo ya kupuliza, mwaka 1846, alipima jumla ya pumzi anayotoa mtu. Mwenye pumu jumla yake yaweza kuwa nzuri tu. Kinachomshinda ni kasi. Hesabu ya sekunde ya kwanza ilikuja mwaka 1947, kwa Mfaransa Robert Tiffeneau. Mtoto mzima hutoa karibu asilimia 90 ya pumzi yake ndani ya sekunde hiyo. Ikiwa chini, tunampa salbutamoli, tunangoja dakika 15, anapuliza tena tuone kama imepanda.

Halafu, alipulizaje? Wengi hupuliza kama wanazima mshumaa, wakaachia hapo. Mimi huwapigia kelele, "Bado! Bado! Sukuma!" mpaka walio kwenye benchi nje wanacheka.

Sasa tafuta kile kibomba cha plastiki cha kupimia kasi ya pumzi, piki flo. Asubuhi na jioni, kabla ya dawa, apulize mara 3, uandike namba kubwa daftarini, kwa wiki 2. Namba zikipanda na kushuka sana, hapo majirani hawana la kusema. Mpelekee daktari daftari hilo, na umuulize habari ya inhela ya kuzuia uvimbe, maana salbutamoli hufungua tu; uvimbe wa ndani inauacha palepale.