Maswali ya Wasomaji: Nianze wapi kuiboresha baiskeli kuukuu ya mbio dhidi ya saa?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu. Binamu yangu aliyekuwa akiishi Uingereza aliniachia baiskeli ya mbio dhidi ya saa (zile ambazo kila mwendeshaji huondoka peke yake na kupimwa muda wake) iliyoundwa zaidi ya miaka 15 iliyopita. Fremu yake ni ya alumini, breki zake ni za kubana ringi, ina gia 10 nyuma, na tairi zake za milimita 23 zimekauka. Jumapili asubuhi huiendesha kuelekea Ahero, na ningependa kushindana katika mbio za kilomita 20 na 40. Nimeweka akiba ya shilingi 30,000. Muuzaji mmoja wa vifaa vya mitumba anaitaka akiba hiyo yote kwa jozi ya magurudumu ya kaboni yenye ringi za kina kirefu. Je, niyanunue?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Mwalimu, usiyanunue. Katika barabara tambarare kama hiyo ya kwenda Ahero, mwendo unapofikia kilomita 40 kwa saa, nguvu nyingi za mwendeshaji huishia katika kuupasua upepo, na takriban robo tatu ya upinzani huo, au hata zaidi, hutokana na mwili wake wala si baiskeli. Tena upepo hausamehi: anayetaka kuongeza mwendo wake kwa asilimia 10 hulazimika kuongeza nguvu kwa karibu theluthi nzima. Kwa hiyo shilingi inayokusaidia kuukunja mwili wako vizuri ina faida kubwa kuliko ile inayonunua ringi.

Mfano ambao waendesha baiskeli hawajausahau ni wa mwaka 1989, siku ya mwisho ya Tour de France, katika mbio dhidi ya saa za kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris. Greg LeMond wa Marekani alianza siku hiyo akiwa nyuma ya Laurent Fignon wa Ufaransa kwa sekunde 50 katika jumla ya muda wa siku zote. Fignon alikuwa na magurudumu ya sahani, yaani yaliyozibwa yote bila spoki kuonekana, mbele na nyuma, lakini alikuwa kichwa wazi, nywele zake zimefungwa kisogoni, na mikono yake ilishika usukani wa kawaida wa mbio hizo. LeMond alivaa helmeti iliyochongoka nyuma na kulaza mikono juu ya fimbo mbili zilizonyooka mbele ya usukani. Alimshinda Fignon kwa sekunde 58 siku hiyo, na akatwaa ubingwa kwa tofauti ya sekunde 8. Fimbo kama hizo tayari ziko kwenye baiskeli yako.

Kabla ya kutumia hata senti moja, hakikisha kwamba baiskeli yenyewe ni salama. Ioshe, kisha uikague juani: mahali bomba la chini linapoungana na bomba la usukani, shingo ya foki, na sehemu ambapo bomba la kiti linabanwa. Ufa wa alumini huanza kama unywele, na fremu yenye ufa haifai kuchomelewa na kurudishwa barabarani. Vua pia utepe wote wa usukani. Jasho la miaka mingi hula alumini chini ya utepe bila mtu kuona, na ukikuta ungaunga mweupe na vishimo, badilisha usukani huo, hata kama ununuzi huo utaahirisha mengine yote. Litoe bomba la kiti, lipake grisi, ulirudishe, kwa maana likigandamana na fremu utashindwa kurekebisha mkao wako. Waya za breki na raba zake nunua mpya. Bei yake ni ndogo.

Sasa tuje kwenye mkao, ambao ndio kiini cha jibu langu. Mwombe mwanafunzi au jirani akupige video kwa simu, kutoka mbele na kutoka ubavuni, ukiwa umelaza mikono kwenye fimbo. Tazama upana wa viwiko na mabega, na jinsi kichwa kinavyosimama juu ya mgongo. Visogeze viwiko karibu kidogo, teremsha kichwa hadi kiwe baina ya mabega, kisha shusha mito ya viwiko kwa kuondoa pete moja tu ya chini yake na uendeshe hivyo kwa wiki nzima kabla ya kuondoa nyingine. Unaposhuka mbele, sogeza kiti mbele pia, ili paja lisigonge tumbo na pumzi isibanwe. Wengi hushuka mno kwa sababu wameona picha za mabingwa, kisha wanapofika nusu ya safari mgongo unauma na wanainuka kukaa wima, na hapo faida yote imekwisha. Mkao ulio bora ni ule unaoweza kuushikilia kwa kilomita zote 40. Nakusihi tu usiufanyie mazoezi penye matatu na bodaboda, kwa kuwa mikono ikiwa kwenye fimbo huwa iko mbali na breki.

Fedha zako za kwanza ziende kwenye tairi. Tairi iliyokauka ni hatari na pia ni nzito kuviringika. Pima nafasi iliyopo kati ya tairi na fremu, foki na breki. Ikiwa tairi ya milimita 25 itaacha angalau milimita 4 kila upande, ichukue hiyo, ya aina laini ya mashindano. Usikubali ijazwe upepo hadi iwe ngumu kama jiwe. Kwenye lami yenye kokoto, tairi ngumu mno hurukaruka na kukupotezea nguvu, na mtu wa kilo 70 anaweza kuanza na psi 85 hivi (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo kinachosomwa kwenye pampu), kisha apunguze au aongeze kidogo kulingana na barabara. Tyubu za latex, yaani mpira mwembamba wa asili, huviringika kwa wepesi zaidi kuliko zile za kawaida za butyl, ila hupoteza upepo usiku kucha, hivyo utahitaji pampu kila asubuhi. Tairi hizo zitunze kwa siku ya mashindano. Kwa mazoezi weka zilizo ngumu zaidi, maana kandokando ya barabara zetu kumejaa vipande vya waya vya tairi za malori zilizopasuka.

Kisha nunua nguo zinazobana mwili zisizopepea, na helmeti ya mbio. Kwa joto la Kisumu ningechagua yenye matundu, hata ikiwa inapitwa kidogo na ile iliyozibwa kabisa, kwa sababu kichwa kikichemka miguu hulegea.

Cheni ipime kwa rula: kwenye cheni mpya, pingili 24, kutoka pini hadi pini, zina urefu wa inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, ibadilishe. Ikiwa imezidi sana, kaseti, yaani lile fungu la meno ya gia za nyuma, nayo imekwisha. Baki na gia zako 10. Gia za umeme, zinazobadilishwa kwa kubonyeza kitufe, hazitakupunguzia hata sekunde unayoweza kuihesabu katika barabara tambarare.

Kuhusu magurudumu yale, sababu nyingine ya kuyakataa ni kwamba ringi za kaboni za breki za kubana hupata joto kali kwenye mteremko mrefu, zinahitaji raba zake maalumu, na huwezi kujua mwenye nazo wa kwanza alizitendeaje. Ringi ya mbele yenye kina kirefu pia husukumwa sana na upepo wa ziwani wa alasiri na wa malori yanayopita. Ukitaka kuliboresha gurudumu la nyuma baadaye, kuna jalada jepesi la plastiki linalofunika spoki, ambalo bei yake ni nafuu sana kuliko gurudumu la sahani. Waulize kwanza waandaaji wa mbio kama wanaliruhusu.

SWALI: Nami nina baiskeli ya aina hiyo, lakini magurudumu yake ni madogo, ya 650c, na tairi zake sizipati hapa Nakuru. Je, naweza kuweka magurudumu ya kawaida ya 700c?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Ringi ya 700c imezidi ya 650c kwa milimita 51 za kipenyo, kwa hiyo raba za breki hazitaifikia, na huenda gurudumu likagusa fremu. Unapotafuta tairi, soma namba iliyoandikwa ubavuni, ambayo ni kipenyo cha ringi kwa milimita: yako ni 571. Usiuziwe ya 584, ambayo ni ya 650b, wala ya 559, ambayo ni ya baiskeli za milimani za inchi 26, kwa kuwa zote mbili hazitakaa kwenye ringi yako. Ukizipata za 571, au ukipata ndugu anayesafiri kutoka ng'ambo, nunua jozi mbili kwa mpigo pamoja na tyubu zake, na uzihifadhi gizani mahali penye ubaridi ili mpira usikauke.