Kabla hujaongeza betri, tafuta kisicho na mwenzake

Wiki hii dada mmoja wa Ujiji ameniandikia: "Kaka, friza zangu za samaki zinatumia sola. Niongeze betri ya tatu nisije nikapata hasara kama yako?" Nilivyousoma ule ujumbe, ile harufu ikanirudia.

Mwaka jana nilinunua samaki aina ya migebuka kwenye mwalo wa Kibirizi wakati wa giza, usiku usipokuwa na mwezi, bei ikiwa chini, nije kuwauza mbalamwezi, wavuvi wakiwa wamepumzika. Nilikuwa na paneli nne na betri mbili mpya, na nilijivunia mno. Kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha friza, nikabana pesa, nikachukua iliyotumika. Ikaungua mimi nikiwa Kasulu msibani. Niliporudi siku ya tatu, maji mekundu yalikuwa yamevuja kutoka kwenye friza mpaka nje ya mlango, jirani ameyamwagia majivu. Nikapima betri. Zote mbili zimejaa! Hilo linaniuma hadi leo.

Baadaye nikakutana na kipimo alichokitoa Birnbaum, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 1969. Anauliza: kifaa hiki kikiwa kizima, halafu kikiwa kimekufa, uwezekano wa mfumo mzima kufanya kazi unatofautiana kiasi gani? Tofauti hiyo ndiyo umuhimu wa kifaa.

Tuseme kila betri ina uwezekano wa 0.9 wa kumaliza msimu, inveta 0.8. Betri moja ikifa nyingine inabeba, kwa hiyo kwa pamoja zinafika 0.99. Inveta haina wa kuibebea. Mfumo mzima ni 0.99 mara 0.8, yaani 0.792. Sasa umuhimu: inveta ikiwa nzima mfumo ni 0.99, ikifa ni 0, tofauti 0.99; betri moja ikiwa nzima mfumo ni 0.8, ikifa ni 0.72, tofauti 0.08 tu. Ukiongeza betri ya tatu unapanda hadi 0.799. Ukiweka inveta ya 0.95 unafika 0.94.

Kwa hiyo dada yangu, pesa ya betri usiitoe. Chora njia ya umeme kutoka paneli hadi friza, utafute kisicho na mwenzake. Ndugu zangu, tunapenda kununua vitu ambavyo wageni wataviona juu ya bati, halafu tunalala usingizi. Tusilale! Na ukishapata inveta ya akiba, rudia hesabu, maana umuhimu unahama. Kwangu sasa umehamia kwenye kontrola ya chaji, ile inayodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri. Ninayo moja tu, na ndiyo ninayoidunduliza mwezi huu.