Usaili wa maigizo ya kiangazi: usisubiri mwaka wa mwisho

Mdogo wangu, umeuliza kama mwanafunzi wa mwaka wa pili anapoteza muda kwenda usaili wa SETC (Southeastern Theatre Conference, shirika la maigizo la kusini-mashariki mwa Marekani). Hapotezi: kampuni nyingi za maigizo ya kiangazi hukutazama kwa mpigo mmoja. Ila unahesabiwa sekunde, kwa hiyo kata wimbo mapema, mara nyingi vipimo 16 tu vya muziki (yaani kipande kifupi), na utie alama kubwa pa kuanzia na pa kuishia kwenye karatasi ya muziki. Mpiga piano hakujui, mwimbie kwa sauti ya chini mwendo unaoutaka, wala usimpigie makofi kama unayemwita mhudumu hotelini (wanachukia!). Ukipewa mkataba, usiurukie. Uliza malazi, malipo ya wiki, na kama mchana utapigilia misumari kujenga jukwaa. Wanagenzi wengi hupigilia.